Viti Vilivyokwenda na Maji

Jumatatu, 8 Aprili

Mafuriko yamenionea. Yamepita bondeni, yamebeba kila kitu cha kila mtu, kisha yakasimama nyumba tatu kabla ya kwangu. Hata kibaraza hakikulowa. Mtaa mzima una hasara ya kuonyesha, mimi sina!

Leo mwenyekiti wa mtaa amepita na kipaza sauti. Shirika la misaada limemaliza kugawa mablanketi, sabuni na unga. Sasa inaanza awamu ya pili, ya kujikwamua kiuchumi. Kila aliyepoteza nyenzo za kazi atasaidiwa asimame tena. Aliyepoteza cherehani atapewa cherehani. Aliyepoteza toroli, toroli. Wakaguzi watapita nyumba kwa nyumba.

Mimi ni mtu wa kukodisha viti. Harusi, misiba, mikutano, niite tu. Viti vyangu vyeupe vya plastiki, hakuna mtu mtaani ambaye hajavikalia. Ndiyo maana wananiita Bwana Viti, jina ambalo sikulikataa. Lakini tangu Mzee Cheche, yule mchomeleaji wa pale kona, aunge mabomba yake na kutengeneza turubai la kukodisha, wateja wamenikimbia. Wanataka kivuli. Juzi bibi harusi mmoja ameniambia viti bila turubai ni kuwaanika wageni. Kuwaanika! Nilipata jibu zuri sana, lakini alikuwa ameshaondoka.

Basi nimewaza. Watu wanajua wiki ya mvua viti vyangu vilikuwa kwenye sherehe kule bondeni. Hawajui kwamba nilivirudisha siku moja kabla ya mafuriko. Kwa hiyo, viti vimekwenda na maji! Nikiulizwa nisaidiwe nini, badala ya viti nitaomba turubai kubwa, jipya, la rangi mbili. Nimeshamnong'oneza muuza duka habari za msiba wangu. Kesho mtaa mzima utajua.

Mama watoto nimemweleza. Kasema nisimwingize.

Tatizo ni moja tu. Viti vimejaa sebuleni. Haya ninayaandika nikiwa nimekalia kimoja.

Jumanne, 9 Aprili

Kazi imekwisha. Mgongo umekwisha pia.

Nimeamka alfajiri, nikakodi mkokoteni, nikapanga viti, nikavifunika kwa pazia la chumbani. Nikavuka daraja, kwenda ng'ambo kwa mama mkwe. Njiani mzee mmoja kaona ule mzigo mrefu uliofunikwa, kavua kofia, kasema poleni sana. Nikaitikia kwa huzuni. Safari ya pili nikamkuta palepale. Kavua kofia tena, macho yamemtoka. Safari ya tatu kaniuliza ni ugonjwa gani huo.

Kwa nini kwa mama mkwe? Kwa sababu ni mjane asiye na maneno. Na chumba chake cha mikate kiko wazi. Yeye maji yalimfika kweli, hadi dirishani. Oveni yake imezama, imeliwa na kutu, haifai hata kwa vyuma chakavu. Miaka yote anauza mikate kwenye geti la hospitali, na kwa mikate hiyo ndiyo alimsomesha mke wangu. Sasa anasubiri Shirika limpe oveni nyingine. Chumba amekifagia, amepiga deki, amechora kwa chaki sakafuni pale itakapokaa. Viti vyangu vimeifunika chaki yote.

Kasema, "Weka tu, mwanangu. Oveni ikija utaviondoa." Nikamwomba, mtu akimuuliza habari za viti, aseme ni vyake. Kasema yeye hajui kusema uongo, na kwa umri huu hawezi kuanza kujifunza. Nikamwambia basi anyamaze tu. Kanyamaza. Nikachukulia kwamba amekubali.

Nikamuuliza kama wakaguzi wameshapita kwake. Kasema walisema Jumatatu. Jumatatu ni jana. Safi kabisa! Sikuuliza zaidi.

Jumatano, 10 Aprili

Sijui nimeponaje.

Niliona viti pekee havitoshi. Nikachanganya tope kwenye ndoo, nikapiga mstari ukutani, sebule nzima, usawa wa goti. Kazi nzuri! Nikasimama mlangoni, mwenyewe nikajionea huruma.

Mkaguzi akaja kabla sijanawa mikono. Ni msichana mwembamba mwenye mabuti makubwa ya mpira, kila mtu anamwita Dada Mabuti. Na nyuma yake nani? Mzee Cheche! Kumbe mtaa umemchagua kwenye kamati ya uhakiki. Hakuna aliyeniambia. 

Dada Mabuti kagusa ukuta. Kidole kikatoka na tope bichi. Kakiangalia. Katoka nje, kaangalia ukuta wa nje, ambao ni mkavu na mweupe. Karudi. Kaniuliza kwa heshima, mzee, haya maji yaliingiaje ndani bila kupita nje? Nikasema yalichipuka. Kutoka chini. Mzee Cheche kakohoa kwa muda mrefu.

Kisha wakauliza habari za viti. Nikainamisha kichwa. Sauti ikanitetemeka yenyewe, kwa woga, lakini ilionekana ya majonzi. Dada Mabuti kalainika. Kasema ukuta atausamehe, mtu akipatwa na janga huchanganyikiwa, na nyenzo za kazi ndizo zenye uzito. Kaniandikia turubai. Mzee Cheche kaniwekea mkono begani, kasema kweli jamani, mtaa huu utavikumbuka vile viti. Alimaanisha! Huruma yake imenikera kuliko ushindani wake.

Mama watoto karudi jioni, kauona ukuta, kanipa kitambaa na ndoo. 

Ijumaa, 12 Aprili

Nimekwisha.

Jumatatu wakaguzi hawakwenda ng'ambo. Gari lao lilikuwa halijaruhusiwa kupita darajani. Wamekwenda jana. Dada Mabuti kamsalimia mama mkwe, kamwandika vizuri, kasikitika, kisha akaomba kuona hapo oveni itakapowekwa. Akafungua mlango. Viti hadi darini!

Kauliza ni vya nani. Mama mkwe kanyamaza. Kauliza tena. Kanyamaza vilevile, kama nilivyomwomba. Basi Dada Mabuti kaona huyu ni mama mwenye biashara yake kubwa, hana shida, na oveni ipewe mwenye dhiki. Jina limekatwa.

Habari hizi kazileta mama watoto. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Aliweka mkoba chini taratibu, kaniuliza viti vyangu viko wapi. Nikasema kwa rafiki. Kauliza rafiki yupi. Nikasema wa zamani. Kasema, "Rafiki huyo ana magoti mabovu, na ndiye aliyenizaa mimi."

Alitaka kwenda ofisini kwa Shirika palepale. Mama yake kamkataza. Kamwambia mume hashtakiwi na mkewe mbele za watu, mwache, atasema mwenyewe. Atasema mwenyewe! Nani kamwambia?

Jumatatu kuna mkutano wa hadhara kiwanja cha shule. Majina yatasomwa, mwenye pingamizi atasimama. Mkutano ukifungwa, hakibadiliki kitu. Nikisema, turubai limekwenda na aibu juu. Nisiposema, mama mkwe hana oveni. Nimekalia kuti kavu, na huku nyuma mke wangu ananitazama.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimepiga moyo konde, nimekwenda ofisini kwa Shirika. Nimepanga foleni na watu waliopoteza nyumba. Nilikuwa na maneno tayari: dada, vile viti ni vyangu. Maneno matano tu! Nilikuwa nikiyasema kimyakimya mpaka mwanamke wa mbele yangu akageuka akaniambia amina.

Nikafika mezani. Dada Mabuti kaniambia karibu mzee, una shida gani. Nikafungua mdomo. Nikauliza kama turubai linakuja na kamba zake. Kasema ndiyo, na vigingi. Nikashukuru, nikaondoka. Miguu ilinitoka mbio kama nimeiba kitu.

Nikabuni njia nyingine. Nikaviondoe viti kimyakimya, kisha mtu mwingine aseme chumba ni kitupu, waje wakague upya. Nikakodi mkokoteni uleule. Nikafika kwa mama mkwe. Nakuta lori la Shirika mlangoni, vijana wanapakia viti vyangu! Mkutano wa Jumatatu hauna viti, na Dada Mabuti amekumbuka kwamba kuna mama ng'ambo anavyo vingi.

Mama mkwe alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Walitaka kumlipa. Kawaambia wachukue bure. Bure! Nikahisi kisu. Baadaye nikamuuliza kwa upole, mama, kwa nini bure? Kasema hawezi kupokea malipo ya kitu kisicho chake. Na Dada Mabuti, masikini, alivyofurahi! Kamshika mkono, kamwambia laiti wenye nacho wote wangekuwa na moyo kama wako, mama.

Mama mkwe kaniangalia tu. Hakuwa na hasira. Nilitamani awe nayo.

Jumapili, 14 Aprili

Sili. Yaani nakula, lakini sisikii ladha.

Wanangu wameuliza bibi ataanza lini kuleta mikate. Mama watoto kasema waniulize mimi. Wakaniuliza. Nikasema tusubiri.

Nimesikia pia kwamba mama mkwe ameanza kufua nguo za watu. Kwa magoti yale! Anainama juu ya beseni tangu asubuhi. Nimeona vibaya sana, naandika hapa kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kumwambia. Nimejisikia mtu mdogo.

Lakini nimepata njia ya kati. Nitasimama kesho kama mwananchi mwema. Nitasema namfahamu yule mama, ni maskini wa kweli, na viti vile amewekewa tu na mtu fulani. Mtu fulani! Sitamtaja. Mama mkwe apate oveni yake, nami nipate turubai langu. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Kwenye "mtu fulani" nakonyeza jicho bila kutaka.

Jumatatu, 15 Aprili



Kiwanja kimejaa. Watu wa mtaa wetu na wa ng'ambo, wote wamekaa juu ya viti vyangu. Sijawahi kuviona vyote vimekaliwa kwa pamoja. Moyo ulitaka kujivuna, nikauzuia. Mimi mwenyewe nilikosa kiti. Nilisimama pembeni na mama watoto. Mama mkwe alikuwa safu ya nyuma, mikono yake imechanika kwa sabuni.

Na mbele kabisa, Mzee Cheche. Mtu mnene. Na ana tabia moja ambayo mtu wa kukodisha viti hawezi kuivumilia. Anaegemea nyuma! Anainua miguu ya mbele, anabembea juu ya miguu ya nyuma miwili. Plastiki haitaki hivyo. Mara ngapi nimesema kwenye harusi za watu? Mguu ulikuwa unapinda. Nikauona. Nikageuza uso. Nikauona tena.

Majina yakasomwa. Cherehani, makofi. Toroli, makofi. Likasomwa langu, turubai, na kwa kweli nilipigiwa makofi mengi, hata Mzee Cheche alipiga, huku anabembea. Jina la mama mkwe halikusomwa.

Dada Mabuti kauliza kama kuna pingamizi. Hakuna aliyesimama. Mama watoto alikuwa hamwangalii Dada Mabuti, ananiangalia mimi. Hotuba yangu ya mwananchi mwema nilikuwa nayo mdomoni. Nikaimeza. Kauliza mara ya pili. Nikajikuna sikio. Jasho likanishuka hadi kwenye soksi. Kule mbele Mzee Cheche akaegemea zaidi, kajinyoosha, kapiga mwayo.

Kauliza mara ya mwisho, akasema basi, kama hakuna, tunafunga. Na hapo mguu wa kiti ukalia. Kraa! Sauti hiyo ninaijua hata nikiwa usingizini. Sikujua nimefungua mdomo. Nikasikia mtu anapiga kelele kiwanja kizima:

"Cheche! Kaa vizuri! Utanivunjia kiti changu!"

Mtu huyo alikuwa mimi.

Watu wote wakageuka. Viti vyote vikageuka. Mzee Cheche akaishusha chini polepole miguu yote minne ya kiti, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa kweli, "Kiti chako? Si vilikwenda na maji?"

Nikasema changu kwa maana ya chetu. Sisi sote. Kama jamii. Dada Mabuti alikuwa ameshaziweka karatasi chini. Ananiangalia, anamwangalia mama mkwe. Mama mkwe kasimama kwa shida, kashikilia kiti cha mbele yake.

"Ni vya mkwe wangu," kasema. "Nilinyamaza. Nilijua atasema mwenyewe."

Basi. Hakuongeza. Watu walicheka sana, lakini si wakati huo, baadaye kidogo. Wakati huo palikuwa kimya kiasi kwamba niliusikia mguu wa kiti cha Mzee Cheche ukimalizia kukatika.

Jumanne, 16 Aprili

Turubai limekufa. Jina langu limefutwa mbele ya macho yangu. La mama mkwe limerudishwa, oveni itakuja. Dada Mabuti kanifuata mwenyewe kunieleza. Hakunifokea. Kasema tu kwamba amefanya kazi hii sehemu nyingi, lakini hajawahi kuona maji yanayochipuka.

Turubai langu kapewa nani? Muuza mboga ambaye kibanda chake kilisombwa kizima. Atajikinga nalo sokoni. Sawa. Naona ni haki. Nimelia kidogo tu.

Mama watoto kaniambia jambo moja, kwamba usiku wote wa Jumapili alikuwa akimwomba Mungu niseme, na kwamba hakuwa amefikiria Mungu angemtumia Mzee Cheche. Halafu kacheka. Mara ya kwanza tangu Ijumaa! Nimepumua.

Mzee Cheche naye kaja na kiti kilichovunjika, kakifunga bati pale mguuni. Kapendekeza tuunganishe, turubai lake na viti vyangu, tukodishe pamoja. Nimemwambia nitafikiri. Lazima kuna hila. Hakuna mtu anayekuja na wazo zuri hivyo bila hila.

Mtaani nimeanza kueleza kwamba nilisema makusudi. Nilijitoa mhanga kwa ajili ya mama mkwe. Muuza duka ameanza kuamini.

Jumatatu, 29 Aprili

Oveni imefika Alhamisi. Imekaa juu ya chaki yake, imeenea sawasawa, haijazidi wala kupungua. Leo asubuhi wanangu wamerudi kutoka kwa bibi yao na mkate wa kwanza, umefungwa kwa kitambaa, bado wa moto. Wamesema bibi kasema huo ni wa baba, asigawe.

Nimeula nimesimama jikoni. Sikuweza kukaa. Baada ya yote yale, wa kwanza kaniletea mimi!  Nikaapa hapohapo kwamba nitamlipa wema wake yule mama, na safari hii sitajifikiria mimi hata kidogo.

Na bahati imekuja siku hiyohiyo. Muuza duka kaniambia kuna shirika lingine linakuja mwezi ujao, kubwa kuliko hili. Litasaidia wajane wasio na nyenzo za kazi. Watatoa oveni za milango miwili! Milango miwili! Mama mkwe angeweza kulisha hospitali nzima. Lakini wakikuta ana oveni tayari, hawatampa kitu.

Nimelitafakari sana kosa langu lile. Sasa nimelielewa. Nilificha mali kwa mtu maskini. Hapo ndipo nilipoharibu! Mali inafichwa kwa mtu ambaye hakuna anayekuja kumkagua. Na mimi jina langu limefutwa kabisa. Hakuna mkaguzi atakayekanyaga hapa tena. Nyumba yangu ndiyo salama kuliko zote.

Mama mkwe sijamwambia bado, nataka iwe furaha ya ghafla. Mwenye mkokoteni nimeshazungumza naye. Mlango nimeupima, oveni inapita, ila nitatoa fremu. Viti nimevisogeza kibarazani. Sebule nimeshaifagia, na nimechora kwa chaki pale itakapokaa.